Fundi anasema sponji inatosha: studio kwenye chumba cha nyongeza

SWALI

Mpendwa mshauri,

Naandika kutoka Kimara, Dar es Salaam. Natengeneza bongo fleva na kurekodi kwaya kwenye chumba cha kulala, na familia imeshachoka. Nimeanza kuongeza chumba nyuma ya nyumba kiwe studio. Kimefika kwenye linta: matofali ya inchi 6, ndani mita 3 kwa 3, na dari itakaa kwenye kimo cha mita 3. Kuta tatu ni mpya. Wa nne ni ukuta uleule wa nyumba, na una dirisha la chumba cha watoto linalofungukia humo ndani.

Fundi ameshonanisha matofali mapya na ya zamani. Anasema tupaue kwa bati kama nyumba nzima, tuweke dari ya jipsamu yenye taa za kuzama, tubandike sponji ukutani, basi, studio imekamilika. Nimeshakusanya trei za mayai kama mia mbili na nimeagiza sponji ya unene wa inchi moja.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba jirani yetu, mzee mstaafu, dirisha lake haliko mbali na hapo, na ameshakuja kulalamikia besi za usiku. Mvua ikinyesha haturekodi kitu. Tena nyimbo nikizipeleka kwenye gari, besi inafurika, wakati chumbani nilisikia iko sawa kabisa. Mama watoto naye anataka chumba kiweze kuja kuwa cha kulala siku za mbele. Nyuma imebaki kama mita 4 kabla ya kufika ukuta wa mpaka. Hela ipo kiasi, lakini si ya kuchezea. Nianze wapi? Na je, humo naweza kurekodi ngoma za kizungu, drum kamili?

Mtayarishaji wa Kimara

JIBU

Ndugu Mtayarishaji,

Kama oda ya sponji bado inaweza kufutwa, ifute leo. Trei wape wafuga kuku. Hela hiyo inahitajika kwenye paa, mlango na ukuta mmoja utakaousogeza, na hapo ulipofika, kwenye linta, ndipo mahali pa mwisho ambapo mabadiliko hayo bado ni ya bei nafuu. Ukishapaua na kupiga plasta, kila kosa litagharimu mara mbili.

Fundi wako anachanganya kazi mbili. Kuzuia sauti isitoke wala isiingie ni kazi ya uzito na ya kuziba matundu. Kutuliza sauti ndani ili usikie ukweli wa unachochanganya ni kazi ya pamba nene ya mawe (siyo pamba ya kawaida) iliyokaa mahali pake. Trei ya yai ni karatasi nyepesi: haina uzito wa kuzuia chochote, na unene wake unagusa sauti za juu tu. Sponji ya inchi moja nayo ni vilevile. Wimbi la sauti ya hezi 1000, yaani mitetemo 1000 kwa sekunde, lina urefu wa sentimita 34 hivi, na la hezi 100 lina mita 3.4. Kitu kinachonyonya hufanya kazi vizuri unene wake, pamoja na nafasi ya hewa nyuma yake, unapokaribia robo ya wimbi. Piga hesabu uone inchi moja inafikia wapi. Utapata chumba kilichokufa juu na kinachonguruma chini, kibaya kuliko ukuta mtupu.

Kisha kuna moto. Sponji ya kawaida ya magodoro hushika haraka na moshi wake ni sumu. Sponji iliyobandikwa kutuliza sauti ndiyo iliyoshika moto kwenye ukumbi wa The Station huko Rhode Island, Marekani, Februari 2003, wakafa watu 100, na kwenye klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazili, Januari 2013, wakafa 242. Huko zilikuwa fataki. Kwako ni chumba chenye mlango mmoja, nyaya nyingi na chaja zisizozimwa.

Sasa vipimo. Mita 3 kwa 3 kwa 3 ndiyo hali mbaya kuliko zote. Kila jozi ya kuta hukuza sauti ambayo nusu ya wimbi lake ni sawa na umbali kati yake. Kwa mita 3 hiyo ni hezi 58 hivi, na kwako urefu, upana na kimo vyote vitatu vinaangukia hapohapo, kisha tena kwenye 115, kisha 173. Hezi 58 ni B flati ya chini ya gitaa la besi, na mateke mengi ya bongo fleva, yaani milio ya ile ngoma kubwa ya mguu, yanaishi karibu na hapo. Noti hiyo italipuka kwenye kuta na pembeni, huku katikati ya chumba, ambako wengi huweka kiti, ikikaribia kutoweka. Wewe ukiwa kwenye kiti hicho unaongeza besi mpaka uridhike, gari linakuumbua. Bila shaka chumba cha kulala unachotumia sasa kinakufanyia jambo la namna hii.

Vunja ukuta unaotazamana na nyumba, uusogeze nyuma hadi urefu wa ndani uwe mita 4.35. Upana acha 3. Dari itue kwenye mita 2.7. Upande wa nyumba utajenga ukuta wa pili mwepesi (nitaueleza), utakula sentimita 12 hadi 13, ubaki na mita 4.2 za kutumia. Hapo urefu unakuza hezi 41, upana 58, kimo 64. Hazijapendeza, lakini zimeachana. Nyuma zitabaki kama mita 2.6 hadi mpakani. Kabla ya kuchimba, peleka mchoro uliorekebishwa halmashauri: nyongeza inahitaji kibali cha ujenzi kama nyumba nyingine yoyote, na umbali wa kuacha mpakani ni wao wanaoupanga. Chini ya jamvi (zege la sakafu) la sehemu mpya pigeni dawa ya mchwa kabla ya kumwaga zege, na mbao zote zitakazoingia ndani ziwe zimetiwa dawa. Mchwa wakiingia nyuma ya jipsamu yenye pamba hutawaona mpaka dari ishuke.

Kushona ukuta mpya na wa zamani ni kosa ambalo mafundi wengi hulifanya kwa nia njema. Nyumba imeshatulia ardhini, msingi mpya bado utashuka kidogo, na mahali pa kukutana patapasuka kwa mistari isiyo na mpangilio. Nyufa hizo zitapitisha maji na sauti. Afadhali mwanya wa makusudi: nguzo ya zege mwisho wa kila ukuta mpya, kisha nafasi ya sentimita 2 kutoka sakafuni hadi juu, ijazwe kipande laini ndani na silikoni isiyokakamaa pande zote mbili. Mkanda wa linta nao usiingie kwenye ukuta wa zamani. Hili mwonyeshe mhandisi pamoja na suala la paa, maana yote mawili yanagusa uimara.

Dirisha la watoto lizibwe kwa matofali mazima, udongo wa saruji ujae kila kiungo, plasta pande zote mbili. Chumba chao kipewe dirisha jingine kwenye ukuta wa nje kabla hujaziba hili, vinginevyo utakuwa umewanyima hewa kwa ajili ya studio. Mbele ya ukuta huo, upande wa studio, acha sentimita 2.5 za hewa, simamisha mbao za 2 kwa 3 zinazoshika sakafu na dari tu, zisiguse ukuta hata kwa msumari mmoja. Jaza pamba kati ya mbao, funika kwa jipsamu ya milimita 12 tabaka mbili, viungo vya tabaka la pili vikae mbali na vya kwanza. Ile ya dari ya milimita 9 ni nyepesi mno. Pembeni kote, badala ya kusukuma jipsamu hadi igonge ukuta, acha milimita 5 uzibe kwa silikoni. Uzuri wa ukuta huu unatokana na kutogusana, na fundi asiyeelewa atauharibu kwa skrubu moja ndefu "ili ushike vizuri". Msimamie.

Matofali yako ya inchi 6 yaliyopigwa plasta pande mbili yanatosha kwa kuta nyingine tatu. Tatizo ni matundu. Ukuta wowote, hata wa handaki, ukiwa na uwazi wa asilimia 1 ya eneo lake hauzuii zaidi ya desibeli 20. Ukuta wa mita za mraba 10 unaharibiwa na tundu la sentimita 30 kwa 33, yaani lile dirisha dogo la hewa ambalo mafundi huliacha juu ya linta bila hata kuuliza. Usiache hata moja. Bomba la AC, nyaya na soketi zilizotazamana pande mbili za ukuta, vyote vizibwe.

Paa ndilo litakaloamua kama utarekodi wakati wa masika. Bati tupu juu ya jipsamu moja ni ngoma. Kwa chumba kidogo hivi ningemwaga slabu ya zege ya sentimita 12.5 na kuweka bati juu yake. Kwa eneo la mita 3.3 kwa 4.65 hizo ni takriban mita za ujazo 1.9, mifuko 12 au 13 ya saruji kwa mchanganyiko wa 1:2:4, na uzito wa tani 4 na nusu. Ndiyo maana mhandisi aangalie msingi na achague nondo, si fundi kwa kukisia. Kama hela haitoshi, juu ya boriti za kenchi pigilia plywood ya milimita 18 iliyozibwa viungo, tandaza pamba ya sentimita 10, na dari ya ndani isimame peke yake. Utaisikia mvua kubwa kwa mbali na utarekodi kwenye manyunyu.

Kwa njia yoyote kati ya hizo, dari ya ndani ibebwe na mbao za 2 kwa 6 zilizolazwa kwa upana wa chumba, kila sentimita 40, zisizoguswa na slabu wala kenchi. Pamba katikati, jipsamu ya milimita 12 mara mbili chini. Bodi za mita 1.2 kwa 2.4 zinazohitajika ni 10 ukihesabu zitakazokatika. Na zile taa za kuzama, hapana. Kila taa ni tundu la duara kwenye kitu ulicholipia kisiwe na tundu. Tumia taa za kubandika usoni mwa dari au za kusimama, bila swichi ya kupunguza mwanga, kwa sababu swichi hizo hutia mvumo kwenye gitaa na maiki.

Mlango. Ule mwepesi wa flashi wa dukani ni hewa iliyofunikwa. Weka miwili ya mbao nzito za mninga au mkongo, unene wa milimita 45, kwenye fremu mbili tofauti, na nafasi ya angalau sentimita 15 katikati. Mpira wa kuziba uzunguke pande zote nne, na chini kuwe na kizingiti, kwani uwazi wa chini ya mlango ndio unaovujisha kuliko kote. Dirisha la nje usiliweke kabisa sasa hivi, ila jenga linta ya dirisha kwenye ukuta wa pembeni usiotazama kwa mzee na ujaze matofali chini yake. Siku mama watoto atakapokitaka chumba, fundi atatoa matofali na kuweka dirisha bila kugusa kitu kingine. Paneli zitaning'inizwa kwa ndoano, kwa hiyo nazo zitatoka.

Chumba kilichozibwa hivyo hakina hewa, na hapa wengi hujidanganya kwamba AC inatosha. AC ya ukutani huzungusha hewa ileile. Waimbaji wawili na wewe kwa saa mbili mtaanza kusinzia na kuimba chini ya ufunguo. Watu watatu wanahitaji takriban mita za ujazo 100 za hewa mpya kwa saa. Ukipitisha kiasi hicho kwenye bomba la inchi 4, hewa inakimbia mita 3.5 kwa sekunde na kuvuma. Kwenye la inchi 6 inashuka hadi 1.6, kimya. Bomba moja liingize, jingine litoe, na kila moja lipite kwenye sanduku la plywood ya milimita 18, urefu wa mita 1.2, lenye vizuizi vinavyoilazimisha hewa kupinda mara nne, kuta zake za ndani zikiwa na pamba ya sentimita 5 iliyofunikwa kitambaa. Njia ya hewa isiwe chini ya sentimita 15 kwa 20 kwenye kila kona. Feni ikae upande wa nje wa sanduku. AC ya BTU 12,000 ya inverter inafaa, mashine ya nje ifungwe kwenye ukuta wa studio usiotazama kwa mzee, juu ya mipira. Unyevu wa Pwani huua maiki za kondensa, kwa hiyo nunua kipimo kidogo cha unyevu na ulenge asilimia 40 hadi 60. Maiki zilale kwenye sanduku lenye vipakiti vya kukausha.

Umeme nitaupitia haraka. Studio iwe na laini yake kutoka kwenye bodi, waya wa milimita za mraba 2.5 na breka ya ampea 20, AC iwe na ya kwake, na kifaa cha kukata umeme unapovuja cha miliampea 30 kilinde zote. Vifaa vyote vya sauti vichukue umeme kutoka soketi za laini moja. Ule mvumo wa hezi 50 mara nyingi hutokea kifaa kimoja kinapochukua erthi huku na kingine kule. Usiukate kwa kung'oa pini ya erthi. Watu hufa hivyo, hasa mwimbaji akiwa peku na midomo iko kwenye maiki.

Ndani sasa. Tafuta pamba ya mawe, ile wanayozungushia boila na mabomba ya moto, yenye uzito wa kilo 50 hadi 60 kwa mita ya ujazo. Vipande vya sentimita 60 kwa 120 vyenye unene wa 5 viwe 40. Viwili vikipangwa vinatoa paneli ya sentimita 10, vinne vinatoa ya 20. Fremu ni mbao za 1 kwa 4 au 1 kwa 8. Kitambaa kipime kwa mdomo: kiweke usoni upulize, pumzi ikipita sauti itapita. Kanga inafaa sana. Kitenge kigumu chenye nta hakifai, kitarudisha sauti za juu. Funika na mgongo wa paneli, na wakati wa kukata vaeni barakoa, glavu na mikono mirefu.

Spika zielekee kwenye urefu wa chumba, zikae karibu na ukuta wa nyumba. Kichwa chako kiwe mita 1.6 kutoka ukuta huo, na spika mbili pamoja na kichwa zifanye pembetatu yenye pande sawa, kama mita 1.2 kila upande. Paneli mbili za 10 nyuma ya spika. Mbili kwenye kuta za pembeni: mtu atembeze kioo ukutani, na pale unapoiona spika ukiwa umekaa ndipo paneli inapokaa. Mbili juu ya kichwa, zining'inie sentimita 10 chini ya dari. Ukuta wa nyuma uchukue tatu za unene wa 20. Kwenye pembe nne simamisha paneli mbilimbili, moja juu ya nyingine, zikikata kona kwa mshazari, nyuma yake hewa. Mlango wa kuingia usiwe kwenye pembe, upange kabla linta mpya haijamwagwa. Yote hayo yanakula vipande 40 kamili. Kisha pima kwa programu ya bure ya REW na maiki ya kupimia kabla ya kuongeza chochote.

Usijenge kibanda cha kuimbia ndani. Kibanda cha mita moja kwa moja kinafanya kila sauti iwe ya kabatini, na kwaya haiingii. Mwimbaji asimame theluthi ya chumba kutoka ukuta wa nyuma, paneli nene zikiwa mgongoni mwake, maana maiki inamtazama yeye na kilicho nyuma yake. Kwaya ya watu zaidi ya wanane irekodiwe kanisani kwa mashine ya kubebeka. Chumba cha mita za ujazo 34 hakitawapa nafasi wala hewa.

Drum kamili humo hapana, hasa usiku. Kuta na paa nilizoeleza zitamlinda mzee dhidi ya sauti za waimbaji na spika za kiasi. Drum hutoa desibeli zaidi ya 100 pembeni yake, na teke lake hupita kwenye jamvi na msingi, ambako hakuna jipsamu itakayolizuia. Kulizuia kunataka sakafu inayoelea juu ya mipira, kuta mbili pande zote na bajeti nyingine. Kodisha ukumbi kwa siku moja urekodi ngoma zote za albamu, au zipangie mchana baada ya kuzungumza naye. Malalamiko yakifika kwa mamlaka ya mazingira au serikali ya mtaa, mazungumzo yatakuwa magumu zaidi.

Kama hela ni ya mafungu, fungu la kwanza ni ukuta wa kusogezwa, mwanya, dirisha la watoto na slabu. La pili milango, mabomba ya hewa na umeme. La tatu dari na ukuta wa pili. Paneli zije mwisho, hata mbilimbili kila mwezi, ukianza na pembe nne. Kabla ya kulipa fungu la tatu, mlango ukishafungwa, washa muziki ndani kwa sauti ya kazi saa nne usiku, toka nje, na simama chini ya dirisha la mzee.